Kodi Nimelipa, Waifai Naomba Ruhusa

Kuna neno moja ambalo mpangaji wa Nairobi hulisikia kabla hata hajafungua magunia ya vyombo: jipange. Maji hufunguliwa mara mbili kwa wiki? Jipange, nunua mtungi mkubwa. Mita ya stima imefungiwa kwenye kijumba cha chini na ufunguo anao mtu aliyeenda ushago? Jipange. Na mtandao je? "Hao watu wa waifai watakuja. Kwa sasa jipange na bando, ni kwa muda tu."

Ni hayo maneno ya mwisho ninayotaka kubishana nayo. Kwa muda tu. Yanasemwa kwa upole, kama vile kukosa mtandao ni sehemu ya kuhama, sawa na vumbi na kikombe kilichovunjikia kwenye pikapu. Mimi nasema hapana. Zile wiki mbili, tatu, wakati mwingine miezi, ambazo mpangaji mpya anaishi kwa bando na hotspoti za kuomba zina watu wanaofaidika nazo. Mwenye nyumba anafaidika, kampuni ya mtandao inafaidika, kampuni ya simu inafaidika. Anayelipa ni mmoja, naye ndiye aliyetoka kumaliza pesa zote kwa dipoziti, kodi ya mwezi wa kwanza na nauli ya pikapu.

Na wanaohama si wachache. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya tisa kati ya kila kumi jijini Nairobi zinakodisha. Huu ni mji wa wapangaji. Tunahama kodi ikipanda, kazi ikibadilika, maji yakikauka, au jirani akinunua spika mpya. Mimi nimehama mara nne tangu nimalize chuo: Kahawa Wendani, Zimmerman, Umoja na sasa Kinoo. Kila mara naanza mtandao upya kama mtu ambaye hajawahi kuwa mteja wa kampuni yoyote. Ukijumlisha hizo "kwa muda" zote, unapata muda mrefu sana.

Tuziangalie njia tunazoambiwa tujipange nazo, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni bando. Bando imeundwa kwa mtu wa kutuma meseji na kuangalia video mbili tatu. Haikuundwa kwa mtu wa kukaa mtandaoni kutwa. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kula GB nzima. Simu yako au kompyuta ikiamua kusasisha programu usiku bila kukuuliza, unaamka bando imeisha na hujafanya lolote. Zile za bei nafuu ni za saa moja, au zinakufa saa sita usiku, hata kama umebakisha nusu. Mwishoni mwa 2019 Safaricom ilianzisha data isiyo na tarehe ya kuisha, na watu tukashangilia. Lakini piga hesabu ya bei kwa MB uone: kutoharakishwa kuna gharama yake. Mwenye pesa kidogo anarudi palepale kwa bando ya saa moja, anafanya kazi huku akiangalia saa kama mtu aliyeegesha gari mjini.

Juu ya hiyo bando kuna serikali. Ushuru wa bidhaa kwa huduma za data ni asilimia 15, tangu Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoushusha kutoka asilimia 20. Kuna VAT ya asilimia 16 pia. Kwa hivyo hata zile siku ambazo umekosa mtandao wa maana, ushuru hujakosa kulipa.

Njia ya pili ni hotspoti ya rafiki au nywila ya jirani. Hii ina utu ndani yake, na siidharau. Nimewahi kusaidiwa na mama wa mlango wa pili ambaye hata jina langu hakulijua. Lakini ni haki gani hiyo inayotegemea kama jirani yako ameamka na roho nzuri? Halafu ukishamaliza data yake mara mbili, salamu zinapungua.

Njia ya tatu ni kutoka nje. Nenda kahawani, nenda maktaba, nenda kwa saiba. Kahawani unalipa kikombe kimoja bei ya mlo wa kibandaski, na baada ya saa mbili mhudumu anaanza kukupangusia meza mara tatu tatu. Serikali nayo, katika mpango wake mkuu wa kidijitali wa 2022 hadi 2032, iliahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma. Vizuri. Vikiwekwa sokoni, vitamfaa mfanyabiashara wa soko, na anastahili. Ila mwanafunzi mwenye mtihani wa mtandaoni saa nne usiku hawezi kwenda kukaa kwenye vibanda vya nyanya vilivyofungwa akiwa ameshika laptopu.

Sasa hesabu yangu mwenyewe, kwa sababu lawama bila hesabu ni kelele. Kazi yangu ni kunakili rekodi za sauti na kuandikia video manukuu. Napokea faili kubwa, narudisha faili kubwa. Safari hii nilingoja siku 23 kabla ya fundi kufika. Kwa wastani nilitumia shilingi 150 kwa siku kwa bando, na hapo nilikuwa nimejibana, video sitazami, simu za nyumbani napiga za kawaida. Hiyo ni 3,450. Kifurushi cha faiba nilichokuwa nangojea ni kama 3,000 kwa mwezi mzima, usiku na mchana, bila kuhesabu MB. Yaani kwa siku 23 za mtandao wa kubahatisha nililipa zaidi ya mwezi mzima wa mtandao kamili. Sijaweka kazi mbili nilizozikataa kwa sababu faili zilikuwa nzito, na mteja hangojei mtu ahamie.

Mtu atasema, basi si kampuni zichelewe tu, kazi ya faiba ni ngumu. Si ngumu hivyo. Kebo hupita juu ya milingoti hadi kwenye kisanduku karibu na ploti au ndani yake. Ndani ya kisanduku kuna kigawanyio kinachogawa mwanga wa waya mmoja kwa nyumba kadhaa, mara nyingi 8, 16 au 32. Kutoka hapo fundi anavuta waya mwembamba hadi mlangoni kwako, anatoboa tundu dogo, anaunganisha ruta, anakuonyesha nywila, anaondoka. Kama kebo imeshafika kwenye jengo na kigawanyio kina nafasi, hiyo ni kazi ya saa chache. Siku 23 zangu hazikuliwa na mwanga wa faiba. Zililiwa na ruhusa.

Nilipouliza kampuni mbili kama zinafika kwenye jengo letu, zote zilisema kebo zao zinapita barabarani mbele ya geti. Mita chache tu. Nikamwendea keateka.

"Mzee, nataka kuleta watu wa waifai kesho. Ni sawa?"

"Wale wa kampuni gani?"

Nikamtajia.

"Hao hapana. Hapa tuko na waifai ya nyumba. Utaandikwa kwa orodha, watakuja wakipata nafasi."

"Lakini hao wa kwangu wako tayari kesho."

"Kijana, mimi sibishani na wewe. Hiyo ni mambo ya landlodi na hao watu wake. Wewe jipange tu kwa muda."

Keateka hana kosa, ameajiriwa, anarudia alichoambiwa. Angalia tu kilichotokea pale. Kampuni zilizo tayari kunihudumia zimesimamishwa getini, na iliyoruhusiwa kuingia haina haraka, kwa sababu itakuwa na haraka gani? Nitaenda wapi? Nimeshalipa dipoziti. Hiyo ndiyo inaitwa "waifai ya nyumba": kampuni moja inakubaliana na mwenye jengo, wakati mwingine yeye anapata kitu kidogo kwa kila mlango unaounganishwa, na wapangaji arobaini wanakuwa mali ya hiyo kampuni bila kuulizwa. Ukiulizia bei, ni hiyo. Ukilalamika kwamba jioni mtandao unatambaa, subiri. Kungojea kwako hakumgharimu mtu yeyote isipokuwa wewe.

Nisieleweke vibaya. Siwasemi vijana wa mitaani ambao wamenunua laini moja nzito wakaivuta kutoka paa hadi paa, pale Pipeline, Kayole, Githurai, wakakuuzia mtandao wa siku moja au wiki moja kwa bei ya chapati chache. Wengi wetu hao ndio wametuokoa. Na wametuonyesha jambo muhimu: mtandao wa muda mfupi unaweza kuuzwa kwa haki. Unalipa leo, unatumia leo, hakuna anayekuhesabia MB. Kama kijana mwenye ngazi na rola la waya anaweza, kampuni yenye ofisi za vioo haiwezi kuniambia haiwezekani. Shida inaanza pale ambapo hata huyo kijana anakubaliana na landlodi awe peke yake. Hapo naye amekuwa geti.

Wenye nyumba wana majibu yao, na nimeyasikia yote. La kwanza ni "ploti ni yangu". Ndiyo, ni yako. Lakini ukishanikodisha, kilicho ndani ya mlango wangu ni maisha yangu. Hunichagulii gesi ya kupikia wala laini ya simu. Kwa nini unichagulie mtandao? La pili ni kwamba waya zitajaa ukutani kama utando wa buibui. Hilo ni kweli, na dawa yake ni bomba moja la pamoja kutoka chini hadi ghorofa ya juu, ambalo kila kampuni inapitishia waya wake. Mnajenga ghorofa sita na kuweka mabomba ya maji na ya maji taka, bomba la tatu litawaua? La tatu ni kwamba kampuni ndiyo iligharamia kuleta kebo, lazima irudishe pesa zake. Irudishe kwa kunihudumia vizuri nisitake kuhama. Anayerudisha pesa zake kwa kunifungia mlango ni mtoza ushuru, na ushuru huo haukupitishwa na bunge lolote.

Halafu kuna wale wanaosema, "Nyinyi vijana mnalilia Netflix." Hili ndilo linaniudhi zaidi. Nani alihamisha maisha yetu mtandaoni? Rita za kodi tunajaza kwenye iTax, mwisho tarehe 30 Juni, usipojaza kuna faini. Kozi ya chuo unachagulia kwenye tovuti ya KUCCPS. Mkopo wa HELB unaombewa mtandaoni. Mwaka 2023 serikali ilijisifu kwamba huduma zake zaidi ya 5,000 zimeingia eCitizen. Tangu 2016 kuna mpango wa Ajira Digital unaotuhimiza tutafute kazi za mtandaoni badala ya kungoja za ofisini. Sawa, tumesikia, tumetii. Lakini dola iliyotuambia tufanyie kila kitu mtandaoni imemwachia mtu mmoja mwenye jengo uamuzi wa kama huo mtandao utapanda ngazi hadi kwetu. Haiwezekani jambo liwe la lazima mbele ya KRA na liwe anasa mbele ya landlodi.

Sheria iko? Vipande vipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora wa kuridhisha na ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza makubaliano yanayozuia au kupunguza ushindani, na Mamlaka ya Ushindani ina uwezo wa kuyachunguza. Makubaliano yanayofungia jengo zima kwa kampuni moja yakaangaliwe hapo, si kwenye kikundi cha WhatsApp cha wapangaji ambako kazi yetu ni kulia na kutuma emoji. Ukiikimbilia Sheria ya Kudhibiti Kodi, utakuta inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe bedsita ya 2,500 nihamie leo jioni.

Kwingineko mambo haya yameshaamuliwa. Marekani, ambako hakuna anayeshuku mapenzi yao kwa mali binafsi, tume yao ya mawasiliano FCC ilipiga marufuku mwaka 2007 mikataba iliyozipa kampuni za kebo haki ya kuhudumia jengo la makazi peke yao. Mwaka 2022 ikarudi tena, ikakataza aina za mgao wa mapato kati ya kampuni na wenye majengo zilizokuwa zinaleta yaleyale kwa mlango wa nyuma. Afrika Kusini, kanuni zilizoanza kutumika 2019 zinazitaka kampuni za simu zimruhusu mteja kusogeza mbele data yake iliyobaki, au kumhamishia mtu mwingine. Mwaka huohuo Tume ya Ushindani ya huko ilihitimisha kwamba wanunuzi wa bando ndogo, ambao wengi ni maskini, wanalipa zaidi kwa kila MB kuliko wanaonunua kubwa. Hapa tunalijua hilo bila tume, ila tungefurahi kulisikia kutoka kwa tume.

"Si ununue Starlink basi?" Nimeulizwa hivyo na watu watatu. Starlink ilifika Kenya Julai 2023, na ilipofika Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa miezi kadhaa, kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Hata anga lilikuwa na orodha ya kungoja. Na tuseme nafasi ipo: ile sahani inataka kuona mbingu wazi, nami niko ghorofa ya tatu, dirisha langu linatazama dirisha la mwenzangu. Paa ni la nani? Tumerudi kwa landlodi. Ruta za 5G nazo ni nzuri pale mawimbi yanapofika, lakini kwenye ploti zilizobanana mawimbi yanapoteza nguvu ukutani. Nitoe pesa za mkataba mpya kwa sababu tu kuna mtu amekataa waya wa mita kumi?

Ninachotaka si muujiza. Kwanza, kampuni yoyote yenye leseni iruhusiwe kuingia kwenye jengo lolote ambalo mpangaji mmoja ameiita na yuko tayari kulipa, na mkataba wowote unaoizuia uwe batili. Pili, kampuni ikichukua pesa yangu ya kuunganishwa, iniandikie tarehe. Tarehe ikipita, inipe ruta ya simu niitumie kwa bei ya kifurushi nilichonunua hadi faiba ifike. Kuchelewa kuwe hasara ya anayechelewa, utaona mafundi watakavyopatikana. Tatu, nikihama nihame na akaunti yangu, nisitozwe tena pesa ya kuunganishwa kama mgeni. Nne, data niliyolipia isife usiku kabla sijaitumia. Haya yote Mamlaka ya Mawasiliano inaweza kuyaandika kwenye kanuni na masharti ya leseni bila kungoja uchaguzi.

Na sisi wapangaji tuache kujivunia kujipanga. Tumeligeuza kuwa sifa. Tunapeana mbinu kama wafungwa wanaopeana sigara: bando gani ya usiku ni nafuu, kona gani ya balkoni inashika waifai ya hoteli ya jirani, laini ipi ukae nayo kwa dharura. Mbinu zote ni nzuri, ninazo nyingi. Lakini kila mbinu mpya tunayogundua inampa landlodi wiki nyingine ya kutulia.

Mara nyingine ukienda kuangalia keja, ajenti atakuonyesha tailsi, atafungua bomba, atawasha taa. Muulize mbele ya keateka: ni kampuni ngapi za mtandao zimeingia kwenye hili jengo, na nikitaka nyingine, ni nani atakayenikataza? Mwambie aandike jibu kwenye mkataba kabla hujatuma pesa. Akikwambia ujipange, muulize dipoziti yake anaitaka leo au naye anaweza kujipanga kwa muda. Nyumba za kukodisha ni nyingi kuliko wanavyotuambia, na wapangaji arobaini wakiuliza swali moja, geti linaanza kulegea.